Askofu Vincent Lucas: Mchungaji Aliyeingia Jandoni



Ni desturi njema kuwakumbuka waliotutangulia katika imani, na safari hii tunamkumbuka marehemu Askofu William Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi. Wengi wetu tukaao Shangani hatukumwona, wala mji wetu hakuujua kama ulivyo leo, maana bandari ya Mtwara ilijengwa baada ya kufa kwake, wakati wa ule mradi wa karanga. Lakini babu na bibi za wengi wetu walitoka Masasi, Newala, Chitangali, Lulindi na vijiji vya huko. Hao walibatizwa, wakafundwa na kulelewa katika Kanisa alilolichunga yeye. Kwa hiyo habari zake ni habari za nyumbani kwetu.

Lucas alizaliwa Uingereza mwaka 1883. Alifika huku akiwa padre kijana wa chama cha UMCA, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wakati huo Masasi ilikuwa sehemu ya Dayosisi ya Zanzibar, chini ya Askofu Frank Weston. Misheni yenyewe ilikuwa imekwisha kuona mengi. Iliundwa mwaka 1876, Askofu Steere alipowapeleka huko watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Mwaka 1882 ilivamiwa na Wamagwangwara, na mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, ilichomwa moto. Kila mara watu walirudi, wakajenga tena.

Basi padre huyu kijana alikuta Kanisa lililosimama, lakini alikuta pia jambo moja lililowatesa Wakristo kila mwaka baada ya mavuno. Jambo hilo lilikuwa jando.

Tusilidharau jando kwa kudhani kuwa lilikuwa tohara tu. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde lilikuwa mlango wa kuwa mtu. Mvulana alitoka nyumbani kwa mama yake akiwa mtoto, akakaa porini wiki nyingi pamoja na wenziwe, kila mmoja na mlezi wake. Huko wazee walimfundisha heshima, subira, namna ya kusema na wakubwa, na siri za utu uzima. Alipotoka vibanda vilichomwa moto, yeye akanyolewa, akapakwa mafuta, akavikwa nguo mpya na kuitwa jina jipya. Asiyepita huko alibaki mtoto hata akiota ndevu. Hakuna aliyemhesabu katika baraza, na kuoa kwake kulikuwa kwa aibu.

Lakini humo humo mlikuwa na mambo ambayo Mkristo hakuweza kuyakubali. Wayao walisimika tawi lenye panda, ndilo lupanda, na unga ulimwagwa chini ya mti kuomba kwa mizimu. Ziliimbwa nyimbo za matusi, na mafundisho mengine yaliwapeleka vijana kwenye uzinzi. Tena kisu cha ngariba hakikuwa safi, na watoto wengine hawakurudi kwa mama zao.

Kanisa lifanye nini? Njia moja ilikuwa kukataza kabisa, na wamisionari wa sehemu nyingi waliifuata. Matokeo yake yalionekana. Mtoto wa Kikristo alichekwa na wenziwe. Mwisho alitoroka usiku kwenda jando la wapagani, au alijiunga na jando la jirani zetu Waislamu, akatoka huko akiwa wa dini yao. Babu alikuwa upande mmoja, padre upande wa pili, na mtoto katikati akivutwa huku na huku. Njia ya pili ilikuwa kufumba macho, kana kwamba yaliyo porini hayalihusu Kanisa. Wengi waliifuata hiyo pia, na watoto walijifunza kuwa na maisha mawili, moja la Jumapili na moja la porini.

Swali hili halikuanza na Lucas. Mapadre wazalendo walikuwa wamekwisha kulikabili mbele yake. Padre Cecil Majaliwa, aliyepewa upadre Unguja mwaka 1890, alikutana nalo Chitangali. Mapadre wa Masasi wa siku za Lucas, kama vile Padre Kolumba Msigala, walizaliwa na kukua katika mila hizo, nao walijua lipi ni sumu na lipi ni chakula. Sifa ya Lucas ni kwamba alikuwa tayari kuketi nao na kujifunza, badala ya kutoa amri akiwa barazani kwake.

Jando la Kikristo lilianza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kambi iliwekwa kama desturi ilivyotaka, lakini kwanza ilibarikiwa. Mahali pa lupanda ulisimikwa Msalaba. Mahali pa maombi kwa mizimu zilisaliwa sala, na wafu walikumbukwa mbele za Mungu. Wazee Wakristo walikaa na wavulana pamoja na padre au mwalimu, asubuhi na jioni wakasali nao. Nyimbo za matusi ziliachwa, bali ngoma, mafumbo na mafundisho ya heshima vilibaki. Siku ya kutoka, wavulana walioshwa na kunyolewa, wakavaa nguo mpya, na kijiji kizima kikaandamana nao mpaka kanisani kupokea baraka. Mama walipiga vigelegele mlangoni mwa kanisa kama walivyopiga zamani njiani.

Tuangalie vizuri jambo alilolifanya. Kukusanya watoto katika darasa na kuwapa mwalimu mmoja ni jambo rahisi, na shule za misheni zilikuwa zikifanya hivyo. Lucas alitaka jingine. Aliona kwamba jando ndipo mahali ambapo mzee na mtoto walikutana uso kwa uso, na ambapo mambo yenye thamani yalipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Akaona kwamba Kanisa likipavunja mahali hapo, litapata watoto wasio na babu, na baadaye litapata wazee wasio na wajukuu kanisani. Kwa hiyo Kanisa lenyewe liliingia humo.

Si wote waliompongeza. Baadhi ya Wakristo, hapa na Ulaya, waliona amekaribisha upagani madhabahuni. Kwa upande wa pili, wako wazee walioona amewanyang'anya haki yao, kwa maana tangu zamani idhini ya kuweka jando ilikuwa ya mwenye nchi, na sasa padre alikuwa na lake. Lucas alieleza mawazo yake katika makala ya mwaka 1927 juu ya faida ya jando katika malezi, na katika insha ya mwaka 1928, nazo zilisomwa mbali na Masasi. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa Askofu, maana mwaka 1926 Masasi ilitengwa na Zanzibar ikawa dayosisi kamili. Aliichunga mpaka mwaka 1944, akafariki mwaka 1945.

Kwa upande wa wasichana kazi haikufanikiwa sawasawa. Mafunzo yao ya Kikristo, yaliyoitwa malango, yalisimamiwa sana na mabibi wa misheni, na mengi ya zamani yalipunguzwa. Makungwi wengi waliona hawana nafasi tena, wakaendelea na unyago wao faraghani. Wavulana walipata babu zao ndani ya Kanisa, lakini wasichana wengi waliwaacha bibi zao nje ya mlango. Jambo hili nalo lina fundisho kwetu. Mzee asiyepewa kazi katika malezi hawezi kulazimishwa kupendezwa na malezi hayo.

Leo mambo yamebadilika. Wavulana wengi hutahiriwa hospitalini wakiwa wadogo, na jando na unyago hufupishwa ili viingie katika likizo za shule. Lakini lile swali la Lucas lingalipo. Mtoto wa Shangani anasoma, anacheza mpira ufukweni, anatazama simu. Jumapili anapelekwa kwenye darasa lake, watu wazima wanabaki kwenye Misa yao, na baada ya ibada kila mtu anakwenda njia yake. Anaweza kufika mpaka Kipaimara bila mzee hata mmoja wa parokia kujua jina lake. Likizo inapofika anapelekwa kwa bibi kijijini, huko anafundwa mambo ambayo hatuyaulizi, naye anarudi na maisha mawili kama watoto wa zamani.

Hatusemi turudishe kambi za porini. Tunasema turudishe mlezi. Kila mtoto anayejiandaa kwa Kipaimara apewe mzee mmoja wa parokia, mume kwa wavulana na mke kwa wasichana. Mlezi huyo amwombee, amtembelee kwao, amfundishe sala na adabu, na siku Askofu anapomwekea mikono asimame nyuma yake. Kina mama wenye hekima, wale wanaoitwa kuwafunda wasichana, waitwe na Kanisa mapema, wala wasingoje nje. Wazazi wa ubatizo nao wakumbuke ahadi waliyoitoa kwenye kisima cha ubatizo, kwa maana haikuwa ahadi ya siku moja.

Askofu Lucas alikuwa mgeni katika nchi hii, lakini aliingia mahali ambapo wazee wetu walikuwa wakiwalea watoto wao, akaketi humo na kusali. Kwetu sisi wenyeji safari hiyo si ndefu. Mungu aipokee roho yake pamoja na mapadre na wazee waliofanya kazi naye, awape pumziko la milele, na sisi atupe moyo wa kuwatafuta watoto wetu mahali walipo. Amina.