Hugo Grotius: wakili aliyetoroka ndani ya sanduku la vitabu

Mwanafunzi anayeanza kusoma sheria hachelewi kuelewa sheria za nchi yake. Bunge hutunga, mahakama hufasiri, na polisi humkamata azivunjaye. Taabu humwanza aingiapo katika sheria za kimataifa. Huko hakuna bunge la dunia, wala hakuna askari wa kumtia pingu mtawala aliyekiuka mkataba. Sheria hizo basi zilitoka wapi, na kwa nini mwenye nguvu azitii? Mwalimu aliyeulizwa swali hilo aghalabu huanza na Hugo Grotius, Mholanzi aitwaye baba wa sheria za kimataifa. Jina hilo lina ukweli nusu tu, kwani Mhispania Francisco de Vitoria na Mwitaliano Alberico Gentili walimtangulia. Hata hivyo, maisha yake yanalifafanua swali hilo kuliko vitabu vingi vya kiada.

Alizaliwa mjini Delft tarehe 10 Aprili 1583, Waholanzi wakiwa vitani na mfalme wa Uhispania ili wajitawale. Aliingia Chuo Kikuu cha Leiden akiwa na miaka 11. Alipofikia miaka 15 alifuatana na ujumbe wa serikali hadi Ufaransa, akarudi na shahada ya udaktari wa sheria. Mwaka wa 1599 alikuwa tayari wakili mjini The Hague. (Wazazi wasije wakawalinganisha watoto wao naye, watoto wa namna hii ni nadra katika karne nzima.)

Kesi iliyomjenga ilitoka mbali. Mnamo Februari 1603 nahodha Jacob van Heemskerk aliiteka karibu na Singapore merikebu ya Kireno iitwayo Santa Catarina. Shehena yake iliponadiwa mjini Amsterdam ilileta zaidi ya gilda milioni tatu. Je, hiyo ilikuwa ngawira halali ya vita au ulikuwa uharamia mtupu? Wareno walishikilia kwamba Bahari ya Hindi ilikuwa yao, kwa kuwa wao ndio waliofungua njia ya kuzunguka Afrika na kwa kuwa Papa aliwagawia sehemu hiyo ya dunia. Wenyeji wa pwani yetu walilijua dai hilo vizuri. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1593, na vyombo vya wafanyabiashara wa bahari hii vilitakiwa kubeba vibali vya Wareno, la sivyo vikamatwe.

Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1602, ilimtaka Grotius aitetee. Aliandika kitabu kizima, ila mswada wake ulikaa bila kuchapishwa hadi ulipofumbuliwa mwaka wa 1864. Sura moja tu ndiyo iliyotolewa mwaka wa 1609, bila jina la mwandishi, kwa anwani ya Kilatini Mare Liberum, yaani bahari huru. Hoja yake kuu haikuwa ngumu. Kitu huwa mali ya mtu pale anapoweza kukishika au kukiwekea mipaka. Bahari haishikiki, na chombo kimoja kupita hakukipunguzii kingine njia. Tena Wareno hawakugundua chochote Mashariki, kwani watu wa huko walikuwa na wafalme wao, sheria zao na biashara yao tangu kale. Kutokuwa Wakristo hakukumpa mtu yeyote haki ya kuwanyang'anya.

Ni maneno mazuri, lakini msomaji asisahau nani alikuwa akimlipa wakili. Mwaka wa 1613 Grotius alitumwa London, safari hii kutetea mikataba iliyowapa Waholanzi peke yao viungo vya visiwa vya Mashariki. Waingereza walimtolea kitabu chake mwenyewe kuwa ushahidi dhidi yake. Na mwaka wa 1621 kampuni ileile ilivivamia visiwa vya Banda ili ihodhi kungumanga, ikawaua au kuwafukuza wenyeji walio wengi.

Mwaka huohuo wa 1621 Grotius mwenyewe alikuwa mkimbizi. Mgogoro wa dini na siasa nchini mwake ulikuwa umemfikisha kiongozi wake, Johan van Oldenbarnevelt, kwenye upanga wa mnyongaji mwezi wa Mei 1619. Grotius alihukumiwa kifungo cha maisha katika ngome ya Loevestein. Aliruhusiwa vitabu, vilivyoingia na kutoka ndani ya sanduku kubwa. Mkewe, Maria van Reigersberch, aligundua kwamba walinzi walikuwa wamechoka kulikagua. Tarehe 22 Machi 1621 alimfungia mumewe humo, akabaki yeye gerezani, na mjakazi wao kijana, Elsje van Houwening, akalisindikiza sanduku hadi mji wa Gorinchem. Kutoka hapo Grotius alitoroka akiwa amevaa kama mwashi.

Gerezani alikuwa ameandika utangulizi wa sheria za Uholanzi, ambao wanasheria wa Afrika Kusini huurejelea hadi leo. Akiwa Paris alichapisha, mwaka wa 1625, kitabu chake kikuu kuhusu sheria ya vita na amani. Ulaya ilikuwa katikati ya vita vya miaka 30. Grotius alifundisha kwamba ipo sheria itokanayo na maumbile ya binadamu, kiumbe apendaye kuishi na wenzake, na kwamba ingesimama hata kama, jambo aliloliona kuwa ni kufuru, Mungu hayuko. Kutokana nayo, ahadi lazima itimizwe, na mkataba ni ahadi ya dola. Vita navyo vyataka sababu ya haki, na hata vikiwa vya haki, vina mipaka. Lakini mtu huyohuyo aliukubali utumwa wa mateka. Sisi Waafrika hatuwezi kuuruka ukurasa huo.

Baadaye alikuwa balozi wa Sweden mjini Paris kwa miaka kumi. Alifariki mjini Rostock tarehe 28 Agosti 1645, baada ya chombo chake kupatwa na dhoruba, akazikwa Delft.

Bahari yake huru imepunguzwa sana, na Kenya ilishiriki katika kuipunguza. Mwanasheria wetu Frank Njenga ndiye aliyetoa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, pendekezo la eneo maalumu la kiuchumi, ambalo Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 uliliwekea maili 200. Mpaka wa eneo hilo ndio uliotufikisha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki katika kesi na Somalia. Hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 ilitupa sehemu ndogo kuliko tuliyoidai, na serikali ikatangaza kuwa haiitambui, ingawa Katiba yetu ya 2010, kifungu cha pili, inasema kanuni za jumla za sheria za kimataifa ni sehemu ya sheria za Kenya. Hukumu hiyo ilisomwa The Hague, mji uleule ambako Grotius alianzia uwakili na ambako alihukumiwa kufungwa maisha.