Louis Leakey: Teke la kichwa lililomfikisha Olduvai

WATALII wanaotoka Karatu, wakapita lango la Lodoare na kuiacha kreta ya Ngorongoro nyuma yao, huteremka hadi bonde la Olduvai wakiwa na jina moja midomoni: Leakey. Ni wachache wanaofahamu kwamba njia ya mtu huyo kuja Tanganyika ilifunguliwa na teke la kichwa, alilopigwa Uingereza.

Louis Leakey alizaliwa Agosti 7, 1903, Kabete nchini Kenya, mtoto wa wamisionari, akakua akizungumza Kikikuyu kama wenzake wa kijijini. Mwaka 1923, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliumia kichwa katika mchezo wa raga. Yakafuata maumivu makali na usahaulifu, na vitabu vikawa mateso. Daktari alimwamuru aache masomo kwa mwaka mzima, akaishi nje kwenye hewa safi.

Enzi hizo tabibu hakuwa na dawa nyingine. Leo inajulikana kwamba ubongo ukitikiswa, seli za neva humwaga glutamati kupita kiasi; potasiamu hutoka ndani ya seli, kalsiamu huingia, na nishati hupungua. Glutamati hiyo hiyo, kwa kipimo chake, ndiyo inayosaidia kuandika kumbukumbu. Aidha, mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux wa New York walionyesha kwa panya kuwa kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea, na huhitaji protini mpya ili ijengeke tena. Kwa hiyo kukumbuka si kufungua kabati tu. Ni ujenzi unaorudiwa.

Mapumziko ya Leakey yalikuwa ya ajabu. Mwaka 1924 alijiunga na msafara wa Jumba la Makumbusho la Uingereza kwenda Tendaguru, Lindi, kuchimba mifupa ya dinosaria chini ya William Cutler. Madaktari wa sasa hushauri shughuli nyepesi baada ya siku chache za kupumzika. Kazi ile haikuwa nyepesi hata kidogo, na Cutler mwenyewe alifia huko mwaka 1925. Leakey alirudi Cambridge, akafaulu vizuri mwaka 1926. Tendaguru ilikuwa imemfunza kutafuta mifupa.

Mwaka 1931 alifika Olduvai pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyeshikilia kuwa hakuna zana za mawe pale. Waliwekeana dau la pauni 10. Saa 24 hazikwisha kabla Leakey hajapata shoka la jiwe.

Julai 17, 1959 alikuwa amelala kambini akiugua, na mkewe, Mary, akatoka peke yake. Ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus, ambalo baadaye lilikadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75.

Leakey alifariki London Oktoba 1, 1972, akazikwa Limuru. Fuvu lipo Dar es Salaam.