Mwamwindi: Mkulima aliyemuua mkuu wa mkoa, na utetezi ulioshindwa kumwokoa

Ilikuwa Krismasi, Desemba 25, 1971. Gari la mkuu wa mkoa wa Iringa liliingia kituo cha polisi mjini, lakini aliyeshika usukani hakuwa mkuu wa mkoa. Alikuwa mkulima wa mahindi kutoka Isimani, Said Abdallah Mwamwindi. Ndani ya gari alikuwa amebeba maiti ya mwenye gari, Dk. Wilbert Klerruu.

Mwamwindi hakutoroka. Alijipeleka mwenyewe polisi.

Kwa hiyo tangu saa ile hakukuwa na fumbo la nani kaua. Wengi wangedhani kesi imeishia hapo. Kumbe kisheria ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, kwa sababu kuna swali jingine ambalo mahakama lazima ilijibu kabla ya kumpeleka mtu kwenye kitanzi: aliua akiwa katika hali gani?

Mtu wa mahindi

Mwamwindi alikuwa Mhehe na makazi yake yalikuwa Mkungugu, tarafa ya Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa, upande wa barabara ya kwenda Dodoma.

Isimani ya wakati ule haikuwa mahali pa mchezo. Kuanzia miaka ya 1950 watu walimiminika huko kufungua mashamba, na mahindi yakageuka biashara kubwa. Waliowahi walipata ardhi nyingi, wakanunua matrekta na kuajiri vibarua. Mwamwindi alikuwa mmoja wa hao waliofanikiwa kwa jembe na trekta.

Halafu likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967, na siasa ya ujamaa vijijini. Kwenye karatasi, watu wangejiunga na vijiji vya ujamaa kwa hiari yao. Kwenye mashamba ya Isimani, mkulima mkubwa aliyeambiwa ardhi aliyoifungua kwa jasho sasa ni ya kijiji hakuiona hiari hiyo.

Dokta aliyekuwa na haraka

Klerruu alikuwa msomi mwenye shahada ya uzamivu na kada wa TANU. Kabla ya Iringa alikuwa mkuu wa mkoa wa Mtwara, ambako vijiji vya ujamaa viliongezeka kwa kasi. Alipohamishiwa Iringa mwaka 1971, Isimani ikawa kipaumbele chake.

Hakuwa kiongozi wa kukaa ofisini. Alizoea kwenda shambani mwenyewe, na siku ya Krismasi alifanya hivyohivyo. Aliendesha gari peke yake mpaka Mkungugu. Akamkuta Mwamwindi analima. Kwa Mwislamu kama yeye, siku ile haikuwa sikukuu yake, na msimu wa kilimo haumsubiri mtu.

Yakazuka mabishano. Mwamwindi akachukua bunduki, akampiga risasi mkuu wa mkoa.

Habari ilitikisa nchi. Aliyeuawa hakuwa mtu binafsi tu. Alikuwa mteule wa Rais Julius Nyerere, akiwa katika kazi ya kutekeleza siasa iliyobeba jina la Rais huyo. Kwa upande wa pili, kulikuwa na wakulima waliomwona Mwamwindi kama mtu aliyefikishwa mwisho wa uvumilivu.

Utetezi wa mtu aliyekiri kwa vitendo

Kesi ilisikilizwa mwaka 1972 na Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Onyiuke, raia wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi ya ujaji Tanzania.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Wakili wa mshtakiwa wa mauaji si lazima adai mteja wake hakuua. Kanuni ya Adhabu inatofautisha mauaji na kuua bila kukusudia. Kosa la kwanza adhabu yake ni moja tu, kunyongwa mpaka kufa. La pili mwisho wake ni kifungo cha maisha, na jaji anaweza kutoa miaka michache zaidi. Kati ya hayo mawili ndipo roho ya mtu inapoponea au kupotea.

Mlango mmoja wa kuvuka upande wa pili ni uchokozi. Sheria inasema aliyeua kwa hasira ya ghafla, kwa kuchokozwa, kabla hasira haijapoa, hana hatia ya mauaji. Na kipimo cha uchokozi ni mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa mwenyewe. Maana yake, mahakama hailazimiki kumpima mkulima wa Isimani kwa moyo wa karani wa Dar es Salaam.

Mlango mwingine ni akili. Mtu ambaye ugonjwa wa akili ulimfanya asijue anachotenda, au asijue kuwa ni kosa, hahesabiwi kuwa na hatia ya tendo lile. Ila hapo mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mshtakiwa.

Utetezi wa Mwamwindi ulijaribu milango yote miwili. Ulieleza jinsi alivyodhalilishwa kwenye shamba lake mwenyewe, ukagusa na hali ya akili yake saa ile.

Kwenye uchokozi, muda ndiyo huamua. Mtu akipandwa na hasira akapiga papo hapo na kilichopo mkononi, anaeleweka. Akiondoka kwenda kufuata silaha, kila hatua anayopiga inahesabiwa dhidi yake, kwa sababu hatua ni muda, na muda ndio hupoza hasira.

Jaji hakuridhika na utetezi. Alimtia Mwamwindi hatiani kwa mauaji, na kwa kosa hilo sheria haikumwachia jaji uchaguzi wa adhabu. Hukumu ya kifo huishia mezani kwa Rais, mwenye mamlaka ya kusamehe. Mwamwindi hakusamehewa. Alinyongwa.

Jina la Klerruu likabaki Iringa kwenye chuo cha ualimu. La Mwamwindi likabaki kwenye ripoti za kesi, ambako wanasheria wanaisoma kesi yake mpaka leo.

Ng'ambo ya bahari, bila wakili

Ili kuona thamani ya kesi hiyo, itazame Zanzibar ya wakati uleule. Aprili 7, 1972, Sheikh Abeid Karume aliuawa kwa risasi. Washtakiwa wa kesi hiyo walifikishwa kwenye mahakama za wananchi ambazo hazikuruhusu mawakili. Abdulrahman Babu, aliyekuwa kizuizini Bara, alihukumiwa kifo bila hata kufika mahakamani.

Mwamwindi alipoteza, lakini hoja zake zilisikilizwa na kujibiwa. Wale wa Zanzibar hawakupata hata mtu wa kuzisema kwa niaba yao.

Kutoka Kate hadi Sumbawanga

Mwaka 1971 Ufipa ilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Mbeya, kwani Rukwa ilizaliwa 1974. Leo mtu wa Kate, wilayani Nkasi, akishtakiwa kwa mauaji, safari yake huanzia kwa hakimu Namanyere, ambaye hana mamlaka ya kuamua kesi hiyo. Dhamana hakuna. Kesi hupanda Mahakama Kuu, Sumbawanga, na asiye na pesa za wakili hupewa mmoja kwa gharama ya serikali. Sheria ya kumpa wakili mshtakiwa asiyejiweza ilikuwepo tangu 1969. Iliyopo sasa ni ya mwaka 2017.

Utetezi wa uchokozi nao bado upo, hata kwenye mauaji yanayohusishwa na uchawi. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishasema mwaka 1951 kwamba kuamini tu kuwa fulani ni mchawi hakutoshi. Lazima marehemu awe alifanya kitu mbele ya mshtakiwa, kikamchokoza palepale.

Tanzania haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha iliamua kuwa adhabu ya kifo ya lazima, isiyomwachia jaji nafasi ya kupima, inakiuka haki ya kuishi. Mwamwindi angekuwa na hoja ya kumpelekea jaji hapo. Mwaka 1972 mahakama hiyo haikuwepo.