Shekhar Mehta, mtoto wa Kampala aliyeshinda Safari mara tano, na swali la nguvu ya motere

Mtu akitaka kununua gari iliyokwisha tumika, iwe Kalemie bandarini au huku Kiambi kando ya mto Luvua, swali la kwanza ni lile lile: motere yake ni ya ngapi? Gari ni moja, sura ni moja, milango ni ile ile, lakini hii iko na lita 1.8, ingine iko na lita 2.4, na bei haifanani. Wengi wanachukua kubwa kama mfuko unaruhusu, halafu wanaanza kulia juu ya mafuta na piesi.

Kuna dereva mmoja wa Afrika ya Mashariki ambaye maisha yake yote ya kazi yalizunguka swali hilo, na alilijibu kwenye barabara zinazofanana sana na zile za Manono na Nyunzu: vumbi wakati wa kiangazi, matope mpaka magotini wakati wa mvua, madaraja ya kutilia shaka. Jina lake ni Shekhar Mehta.

Alizaliwa Kampala, Uganda, tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba. Hakukulia katika shida, na hilo lisifichwe, kwa sababu mashindano ya gari ni mchezo unaokula pesa kuliko mchezo wowote. Alianza kushindana akiwa na miaka 21, na BMW. Lakini pesa ya familia inaweza kumnunulia kijana gari, haiwezi kumfundisha kusoma barabara usiku wa mvua. Hiyo alijifunza mwenyewe.

Safari, ile rally kubwa ya ukanda huu, ilianza mwaka 1953 wakati Malkia Elizabeth wa Uingereza alipotawazwa. Miaka ile ilikuwa ikikata Kenya, Uganda na Tanganyika, kisha baadaye ikabaki Kenya peke yake. Ilikuwa ikifanyika karibu na Pasaka, wakati mvua inaanza kushuka. Hakukuwa na uwanja wala barabara iliyofungwa. Dereva alipita katikati ya ng'ombe, mabasi, baiskeli na watu wanaotoka sokoni. Kila dakika ya kuchelewa kwenye kituo ilihesabiwa kama pointi ya adhabu, na mwenye adhabu kidogo ndiye aliyeshinda. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakafika 7 tu. Basi kufika peke yake kulikuwa ni ushindi.

Kampuni ya Nissan ya Japani, iliyokuwa ikiuza magari yake nje kwa jina la Datsun, iliona mapema kwamba Safari ni tangazo zuri kuliko lolote. Gari ikishinda pale, mnunuzi wa Mombasa au Mwanza haulizi tena kama ni imara. Mwaka 1970 walishinda na Datsun 1600SSS, gari ya kawaida ya familia iliyoongezewa nguvu. Mwaka uliofuata wakaleta kitu kingine kabisa: Datsun 240Z.

Gari hii inastahili kuangaliwa vizuri, juu ya hadithi ya motere inaanzia hapo. Ilikuwa gari ya spoti, viti viwili, pua ndefu, na uzito uliopita tani moja kidogo tu. Nyumbani Japani iliitwa Fairlady Z, ilianza kuuzwa mwaka 1969, na mwili ule ule uliuzwa na motere tofauti. Ya kwanza ilikuwa ya lita 2 yenye nguvu za farasi 130. Ya pili, iliyoitwa Z432, nayo ilikuwa ya lita 2, lakini ya kisasa sana kwa wakati ule: vali 4 kwa kila pistoni, kabureta 3, kamshafti 2, na ndiyo maana ya hiyo namba 432. Ilitoa farasi 160. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kawaida. Ya tatu ni 240Z yenyewe, lita 2.4, pistoni 6, vali za kawaida, farasi 150.

Mtu anayesoma karatasi tu angechukua Z432. Farasi 160 ni nyingi kuliko 150, sivyo? Lakini zile 160 zilipatikana motere ikizunguka mara 7000 kwa dakika, yaani ikipiga kelele karibu na mwisho wa uwezo wake. Nguvu yake ya kuvuta ilikuwa kama kilo 18, nayo ilifika motere ikiwa imekwisha kupanda sana. Ile ya 240Z ilivuta kama kilo 21, tena mapema zaidi. Kwenye lami ya Tokyo tofauti hiyo ni mazungumzo ya baa. Kwenye kilima chenye matope, gurudumu likiteleza na dereva akiwa hawezi kuchochea motere mpaka juu, tofauti hiyo ndiyo inaamua nani anatoka na nani anaita watu wasukume. Na jambo la piesi: motere ya Z432 ilikuwa ngumu, yenye vitu vingi vya kurekebisha, na iliuzwa Japani tu. Ile ya lita 2.4, fundi yeyote mwenye akili aliweza kuifungua na kuifunga. Nissan walileta ya lita 2.4 Afrika.

Mwaka 1971 240Z ilishinda Safari mikononi mwa Edgar Herrmann. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, miaka 25, ndani ya gari ya aina ile ile. Mtoto wa Kampala alikuwa ameingia kwenye orodha ya wakubwa.

Halafu nyumba ikaanguka. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu walifunga mizigo, wakaacha maduka, viwanda, mashamba na makaburi ya wazee wao. Mehta naye aliondoka, akahamia Kenya. Watu wa jimbo la Tanganyika hawahitaji kuelezwa maana ya kuacha nyumba kwa haraka. Ni kweli kwamba Mehta hakulala chini ya hema, alikuwa na marafiki na jina. Lakini nchi aliyozaliwa haikuwa yake tena, na tangu hapo alishindana kama Mkenya.

Pasaka iliyofuata, Aprili 1973, alirudi kwenye Safari na 240Z, pembeni yake Lofty Drews akisoma njia. Mwaka huo ndio ubingwa wa dunia wa rally ulianza, na Safari ilihesabiwa ndani yake. Nissan walileta gari za aina mbili: 240Z ya lita 2.4 na 1800SSS, gari ya familia ya lita 1.8 yenye pistoni 4. Kwa hiyo kampuni moja iliweka motere kubwa na motere ndogo kwenye barabara moja, mvua moja, mafundi wale wale. Ile ndogo ilikuwa na Harry Källström wa Sweden.

Baada ya maelfu ya kilometa, hesabu ilipofanywa, Mehta na Källström walikuwa na pointi za adhabu sawa. Sawa kabisa! Lita 2.4 na lita 1.8, gari ya spoti na gari ya kupeleka watoto shule, hakuna iliyopita ingine hata kwa dakika moja. Ikabidi kufungua kitabu cha sheria, na sheria ilimpa ushindi yule aliyekwenda mbali zaidi bila adhabu. Huyo alikuwa Mehta. Wa tatu alikuja Ove Andersson na Peugeot 504, ambaye msomaji wake wa njia alikuwa kijana Mfaransa aitwaye Jean Todt. Huyo baadaye alikuwa rais wa FIA, shirika linaloongoza mashindano ya gari duniani.

Kwa Mehta ushindi ule ulikuja miezi minane baada ya tangazo la Amin. Kwa wahandisi wa Nissan, matokeo yalisema jambo lingine. Ile motere kubwa ilisaidia mahali barabara iliponyooka, na ile gari ndogo ililipa deni lake kwenye kona, matope na mashimo. Mwisho wa hesabu, nguvu ya ziada haikuwanunulia kitu kikubwa.

Ilipita miaka kabla Mehta hajashinda Safari tena. Aliporudi juu, mwaka 1979, hakurudi na gari ya spoti. Alirudi na Datsun 160J, inayojulikana pia kama Violet, gari ya milango na viti kama teksi. Namba 160 ilitoka kwenye motere ya lita 1.6 ya gari ya dukani. Ya mashindano iliongezwa mpaka karibu lita 2. Ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, haikuwa na turbo, haikuwa na maajabu.

Upande mwingine wa mstari mwaka ule walisimama Wajerumani wa Mercedes na 450 SLC 5.0: pistoni 8, lita 5, tena na giaboksi ya otomatiki. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya motere ya Datsun. Madereva wao walikuwa watu wakubwa wa dunia, akiwemo Hannu Mikkola wa Finland na Björn Waldegård wa Sweden. Mehta, na Mike Doughty akisoma njia, akashinda. Mikkola na lita zake 5 alikuwa wa pili.

Haki itendeke: Mercedes haikuwa gari mbaya. Mwaka huo huo wa 1979 walikwenda Ivory Coast kwenye rally ya Bandama wakachukua nafasi nne za kwanza zote. Motere kubwa iko na mahali pake. Lakini kwenye Safari gari nzito ilikula matairi, ikachosha breki na kila shimo ililipiga kwa uzito zaidi. Mwaka 1980 walirudi, Mehta akashinda tena, wa pili Rauno Aaltonen na Datsun nyingine, na Mercedes ya Vic Preston Junior ikawa ya tatu. Mwisho wa mwaka huo Mercedes waliacha rally.

Mwaka 1981 Mehta akashinda mara ya nne, Aaltonen tena nyuma yake. Safari hii Violet ilikuwa na motere iliyoboreshwa, vali 16, ila ukubwa ulibaki ule ule wa lita 2. Hapa ndipo watu wanaonunua gari wanaweza kusimama kidogo: Nissan waliongeza nguvu polepole, ndani ya gari ambayo mafundi wao wa Nairobi walikuwa wanaijua kama mkono wao. Walijua kinachovunjika na kinavunjika lini. Mnunuzi wa gari iliyokwisha tumika hana bahati hiyo. Ile yenye farasi nyingi mara nyingi ndiyo iliyochapwa zaidi na mwenyewe wa kwanza, na farasi zilizoandikwa kwenye karatasi zilihesabiwa siku motere ilipokuwa mpya.

Mwaka 1982 ulikuwa wa tano. Nyuma ya Mehta alikuja Walter Röhrl wa Ujerumani na Opel Ascona 400 ya lita 2.4, na Röhrl ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka ule. Ushindi minne mfululizo, kisha ule wa 1973. Katika Safari zilizohesabiwa kwa ubingwa wa dunia, hakuna dereva mwingine aliyefikisha tano. Yote mitano aliipata ndani ya Datsun.

Baada ya hapo zama ziligeuka. Turbo na magurudumu manne vilifika, na kwenye Safari ya 1986 Mehta aliendesha Peugeot 205 T16, gari fupi yenye motere ya lita 1.8 tu iliyotoa farasi zaidi ya 400. Alikuwa wa nane. Alioa Yvonne Pratt, ambaye pia alimsomea njia kwenye rally nyingi za nje. Watu wawili ndani ya gari moja na ndani ya nyumba moja, jambo ambalo si kila ndoa ingelivumilia.

Mwaka 1987, kwenye rally ya Mafarao nchini Misri, alipata ajali mbaya sana. Aliishi, lakini kuendesha mashindano kuliishia hapo. Akaingia kwenye kazi ya ofisi ndani ya FIA, akaongoza tume ya rally, akitetea mashindano ya Afrika mbele ya watu waliotaka kila kitu kiwe Ulaya. Athari za ajali ile hazikumwacha. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60.

Wakati anafariki, Safari ilikuwa imekwisha kuondolewa kwenye ubingwa wa dunia, tangu baada ya mashindano ya 2002. Ilirudi mwaka 2021, sehemu kubwa kandokando ya Naivasha, kwa siku chache, na barabara za mashindano zimefungwa. Gari zote za mbele zilikuwa za turbo na magurudumu manne, na hakuna hata moja ambayo fundi wa kando ya barabara angeweza kuifungua.