Mwanamfalme Badru Kakungulu na Sadaka Isiyokatika



Ndugu wasomaji, ni desturi njema kwamba watu wanapokutana kwa ajili ya ukumbusho huwataja kwanza wale waliowatangulia. Katika kijitabu hiki tumeona inafaa kuwaelezea Waislamu wa Karusandara, wakubwa kwa wadogo, maisha ya mtu mmoja ambaye wazee wengi wanalijua jina lake, lakini vijana wengi wamelisikia katika habari za mpira tu. Mtu huyo ni marehemu Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Kibuli. Hakuwa mtu wa upande wetu huu wa milima ya Rwenzori. Hata hivyo, kazi aliyoifanya iliwafaa Waislamu wa Uganda nzima, na mfano aliouacha unatuhusu sisi hasa, tunaokaa mbali na mji mkuu na tunaohangaikia elimu ya watoto wetu.

Tukitaka kumjua mtu, kwanza tuwajue wazee wake. Mwaka wa 1844 mfanyabiashara aitwaye Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna wa Buganda na kumweleza habari za Mwenyezi Mungu Mmoja. Kabaka Suna hakusilimu, bali mmoja wa wanawe, Mbogo, alikuja kuwa Mwislamu na kuitwa Nuhu Mbogo. Baada ya vita vya dini vilivyoanza Buganda mwaka wa 1888, Waislamu walishindwa na kutawanyika, na Nuhu Mbogo ndiye aliyekuwa kiongozi wao katika dhiki ile. Mwaka wa 1892 alikubali kuja Kampala kufanya amani. Mwaka wa 1893 Waingereza walimhofia, wakamhamishia Unguja, na mwaka wa 1895 akarudi.

Huku kwetu Uislamu ulipata pia njia nyingine. Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard alijenga boma Katwe, penye ziwa la chumvi, na maboma mengine katika Toro, akaweka humo askari Wasudani waliokuwa Waislamu. Twaona basi kwamba wakati Mbogo na watu wake walipokuwa wakitafuta mahali pa kukaa, adhana ilikuwa tayari imesikika karibu na maziwa yetu.

Katika Mapatano ya mwaka wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda, ardhi iligawanywa. Mbogo alipewa maili za mraba 24, kwa ajili yake mwenyewe na wafuasi wake. Msomaji na ayashike maneno hayo, maana ndiyo msingi wa habari yote itakayofuata. Ardhi ile ilikuwa ya mtu, na tena ilikuwa ya watu. Ilimpasa mrithi wake aamue siku moja ni upande upi kati ya hizo mbili utakaokuwa na nguvu zaidi.

Mrithi huyo alikuwa Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka wa 1907. Baba yake alipofariki mwaka wa 1921, Badru alikuwa bado kijana mdogo, umri ambao watoto wengine wangali wakichunga mbuzi na kutumwa dukani. Cheo cha uongozi wa Waislamu wa Kibuli kilimfikia kabla hajaota ndevu. Alipelekwa kusoma katika shule ya King's College Budo, shule kubwa iliyofunguliwa na Waprotestanti mwaka wa 1906 kwa ajili ya watoto wa wakubwa. Mwana wa kiongozi wa Waislamu alikaa darasani pamoja na wana wa machifu Wakristo, akasoma waliyoyasoma, na akabaki katika dini yake.

Lakini watoto wangapi wa Kiislamu waliweza kupata nafasi kama ile? Siku zile shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Serikali ilipoanzisha idara yake ya elimu mwaka wa 1925, haikujenga shule zake kila mahali. Ilitoa ruzuku kwa wale waliokwisha kuwa na shule, nao walikuwa ni wamisionari. Mzazi Mwislamu alijikuta katika njia panda. Akimpeleka mtoto shuleni, alichelea kwamba atarudi na jina la ubatizo. Akimweka nyumbani, mtoto angejua Kurani yake chuoni, lakini asingeweza kuandika barua ya kiofisi wala kufanya mtihani wa ukarani. Wazazi wengi walichagua dini ya mtoto, wala hatuwezi kuwalaumu. Matokeo yake yalikuwa kwamba Waislamu walijulikana kuwa wachinjaji, madereva na wachuuzi, kazi za halali zenye heshima, lakini katika ofisi, hospitali na mahakama hawakuonekana ila kwa nadra.

Hapo ndipo palipokuwa na haja, na hapo ndipo Mwanamfalme alipoweka mkono wake. Katika miaka ya 1940 yeye na wenziwe waliunda chama cha elimu ya Waislamu wa Uganda, kinachojulikana mpaka leo kwa herufi zake UMEA. Kazi ya chama hicho yafaa ielezwe vizuri. Waislamu wa kijiji kimoja waliweza kusimamisha kibanda cha udongo na nyasi na kumweka mwalimu. Lakini serikali, kabla ya kutoa ruzuku, ilitaka kujua ni nani mwenye shule, ni nani atakayejibu hesabu za fedha, na kama mwalimu ana cheti. Kijiji peke yake hakikuweza kuyajibu hayo. UMEA ilisimama katikati: ikawa ndiyo mwenye shule mbele ya serikali, ikazisemea shule ndogo zilizotawanyika, na ikahimiza kufundishwa kwa walimu. Kwa njia hiyo, senti za maskini wa kijijini ziliweza kuivuta ruzuku ya serikali, na kibanda kikawa shule ya kweli.

Lakini chama bila mahali pa kukanyaga ni maneno matupu. Mwanamfalme alitoa ardhi yake ya kilima cha Kibuli. Yeyote aliyefika Kampala anajua kwamba vilima vyake vina historia: Namirembe ni cha Waprotestanti, Rubaga ni cha Wakatoliki. Kibuli kikawa cha Waislamu. Mji ulikuwa ukikua kila mwaka, na ardhi ya kilima kile ingeweza kugawanywa viwanja na kuuzwa kwa bei kubwa, mwenyewe akaishi kwa raha pamoja na watoto wake. Yeye aliitoa kwa ajili ya msikiti na shule. Jiwe la msingi la msikiti liliwekwa mwaka wa 1941 na Prince Aly Khan, mwana wa Aga Khan, na yeye huyo huyo akaja kuufungua mwaka wa 1951. Miaka 10 ilipita baina ya jiwe la kwanza na kufunguliwa. Wakati msikiti ukingali unajengwa, shule ya Kibuli ilikwisha kuanza. Baadaye ikawa shule ya sekondari, na hata leo ni miongoni mwa shule zinazojulikana sana nchini.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalifanywa na mtu mmoja. Mwaka wa 1945 ilianzishwa huko Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, chini ya uongozi wa Aga Khan wa Tatu, na Mwanamfalme Kakungulu akawa miongoni mwa viongozi wake katika Uganda. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: Waislamu wa mahali walipokusanya fedha za kujengea msikiti au shule, Aga Khan aliongeza kiasi kama kile kile. Aliyetaka kusaidiwa alipaswa kwanza aonyeshe alichotoa yeye mwenyewe. Waismailia, Wasunni, Waafrika, Waarabu na Wahindi walikutana katika jambo hilo moja. Tajiri alitoa fungu lake, Mwanamfalme alitoa ardhi, na mama auzaye ndizi alitoa senti zake. Hapana hata mmoja ambaye angeweza peke yake.

Wala njia haikuwa tambarare. Baada ya kufariki kwa Nuhu Mbogo, Waislamu wa Buganda waligawanyika kwa sababu ya sala ya Ijumaa: wako waliosema kwamba baada yake inasaliwa tena Adhuhuri, na wako waliokataa. Jambo la fikihi likawa ugomvi wa misikiti, na ugomvi wa misikiti ukawa ugomvi wa jamaa. Fedha ambazo zingemlipa mwalimu ziligawanyika pia. Heri kubwa ya shule ni kwamba mtoto anayefundishwa hesabu haulizwi baba yake husali rakaa ngapi siku ya Ijumaa.

Kisha zikaja siasa. Mwaka wa 1965, katika serikali ya Milton Obote, kiliundwa chama kingine cha Waislamu kilichoitwa NAAM, kikashindana na Kibuli. Mwaka wa 1966 Kabaka Mutesa alikimbia nchi baada ya ikulu yake kushambuliwa, na mtu wa ukoo wa kifalme kama Kakungulu hakuweza kutazamwa kwa jicho jema. Alifika hata kuwekwa kizuizini, akatoka baada ya serikali hiyo kupinduliwa mwaka wa 1971. Mwaka wa 1972 lilianzishwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda ili kuwaweka Waislamu wote chini ya uongozi mmoja. Mabaraza na vyama vilipanda na kushuka, lakini darasa za Kibuli ziliendelea kufunguliwa kila asubuhi. Ardhi iliyokwisha kutolewa haikujua siasa.

Alipenda pia michezo. Kombe la mpira la Uganda lililoanza kushindaniwa mwaka wa 1971 liliitwa kwa jina lake, Kombe la Kakungulu. Hivyo kijana asiyejua habari za UMEA alilijua jina la mzee huyu uwanjani.

Mwaka wa 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale. Mwanamfalme alikuwa hai. Mtu aliyekuta watoto wa Kiislamu wakiogopa mlango wa shule ya msingi aliishi hata akaona Waislamu wakiwa na chuo kikuu katika nchi yake. Alifariki mwaka wa 1991, baada ya kuishi zaidi ya miaka 80, na mwanawe Kassim Nakibinge akamrithi katika uongozi.

Ndugu zangu, sasa tujitazame sisi wenyewe. Karusandara ni nchi ya tambarare, baina ya milima ya Rwenzori na Ziwa George. Watu wake ni wafugaji, wakulima na wachuuzi wa makabila mbalimbali, na Waislamu ni sehemu ndogo tu miongoni mwao. Hatupungukiwi na moyo wa kutoa. Mto Nyamwamba ulipofurika mwezi wa Mei 2013, na tena mwezi wa Mei 2020, watu wa Kasese walipoteza nyumba na mali, na katika msiba kama huo kutoa chakula, nguo na mablanketi ni wajibu usio na mjadala. Lakini sufuria ya pilau huisha jioni, na blanketi huchakaa. Mtoto aliyenusurika mafuriko bado anahitaji mwalimu mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu.

Tumefundishwa kwamba amali za mwanadamu hukatika anapokufa isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema amwombeaye dua. Shule iliyojengwa juu ya ardhi ya wakfu inayakusanya yote matatu mahali pamoja.

Basi tuchukue mafunzo yaliyo wazi. La kwanza, anayetoa kiwanja kwa ajili ya msikiti au madrasa asitoe kwa mdomo tu. Wengi tumeshuhudia jinsi mzee anavyotoa kwa nia safi, na baada ya kufa kwake warithi wanarudi na kamba ya kupimia. Wakfu na uandikwe, mashahidi waweke sahihi, na watoto wa mtoaji wajulishwe akiwa angali hai. La pili, mchango mdogo wa kila mwezi kwa mshahara wa mwalimu una nguvu kuliko mchango mkubwa wa siku moja ya sherehe. La tatu, anayekusanya fedha za watu asome hesabu mbele yao, maana bila hesabu imani hufa, na imani ikifa mifuko hufungwa. La nne, tukihitilafiana katika mambo ya fikihi au siasa, mabishano yetu yasifike mlangoni pa darasa.

Si kila mmoja wetu aliyerithi kilima. Lakini wako waliorithi robo ya eka kando ya barabara, na wako wenye mbuzi wawili, na wako wenye mikono mitupu iwezayo kufyatua matofali. Mama mjane mwenye watoto wanne hatauliza kama fungu lililomlipia mwanawe ada lilitoka kwa mwana wa mfalme au kwa mchuuzi wa samaki.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwanamfalme Badru Kakungulu na baba yake Nuhu Mbogo, awalipe wote waliotoa pamoja nao na ambao majina yao hayakuandikwa, na atujaalie sisi tuache nyuma yetu kitu ambacho watoto wa Karusandara watakikalia wakisoma. Amin.