Padre McGivney na Akiba ya Wajane

Katika karne ya 19 vyama vya siri vilienea mno Marekani. Viliwavuta wanaume kwa viapo na vyeo, lakini zaidi kwa fedha ya msiba: mwanachama akifa, mjane wake alipata msaada. Mkatoliki aliyejiunga alilivunja agizo la Kanisa. Asiyejiunga aliiachia nyumba yake ufukara.

Michael McGivney aliujua ufukara huo. Alizaliwa Waterbury, Connecticut, mwaka 1852, kifungua mimba wa watoto 13. Baba yake alifariki mwaka 1873, yeye akiwa bado seminarini. Alipata upadre mwaka 1877, na mwaka 1882, huko New Haven, aliunda pamoja na waumini wake Chama cha Mashujaa wa Columbus. Nacho kilipokea wanachama faraghani, desturi iliyoachwa mwaka 2020, ila hakikuwa na siri mbele ya Kanisa.

Alifariki mwaka 1890, mwenye umri wa miaka 38. Mwaka 2020 alitangazwa Mwenye Heri.

Nasi wa Ufipa twajua jinsi mchango wa matanga unavyokwisha upesi. Padre huyo aliwafundisha watu wake kuchanga mapema, mume angali hai.