Laurean Rugambwa: Kutoka Seminari ya Rubya hadi Ukardinali

Abiria anayetoka Kemondo kwenda Muleba akifika Muhutwe huona barabara nyingine ikipanda kuelekea Kamachumu. Huko juu, Bukongo, alizaliwa Laurean Rugambwa tarehe 12 Julai 1912, nchi ikiwa bado chini ya Wajerumani. Baba yake aliitwa Domitian Rushubirwa na mama yake Asteria Mukaboshezi. Alibatizwa mwaka 1921, na mwaka 1926 akaingia Seminari ya Rubya. Hapa mtahiniwa atulie kidogo, kwa sababu bila seminari maisha ya Rugambwa hayaeleweki.

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Walikuwa wamekimbia vita vya Mengo kule Buganda wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth. Hirth aliona mapema kwamba wageni peke yao hawatatosha, hivyo mwaka 1904 akaanzisha seminari ya Rubya, katika nchi ya Ihangiro. Hata vijana wa Rwanda waliletwa kusoma huku kabla ya kwao kuwa na seminari, na wawili kati yao wakawa mapadre wa kwanza wa Rwanda mwaka 1917.

Kijana alianza seminari ndogo, ambako Kilatini kilikuwa somo kubwa, maana ibada ya Misa iliadhimishwa kwa lugha hiyo. Akifaulu, alivuka mpaka kwenda seminari kuu ya Katigondo, karibu na Masaka, Uganda, iliyofunguliwa mwaka 1911. Huko alisoma falsafa na kisha teolojia. Rugambwa alipewa upadre tarehe 12 Desemba 1943 huko Rutabo. Hesabu mwenyewe: miaka 17 tangu aingie Rubya! Na si miaka tu. Padre haoi, naye Mhaya humwachia mwanawe kibanja. Mzazi aliyempeleka kijana Rubya alijua kwamba huenda hatapata mjukuu kwake.

Linganisha na shule za serikali ya kikoloni. Shule hizo zililenga hasa kupata makarani, wakalimani na walimu wa kuwasaidia Wazungu. Seminari ilimwandaa Mwafrika kushika nafasi ya mmisionari mwenyewe. Hata hivyo usiandike kwamba wamisionari waliachia madaraka upesi. Tangu Rubya ianze hadi Tanganyika ipate askofu Mwafrika ilipita miaka 48. Kwa maoni yangu huo ni ucheleweshaji, hata tukikubali kwamba masomo yalikuwa marefu.

Baada ya kazi za parokia, Rugambwa alipelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa. Tarehe 10 Februari 1952 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Kagera ya Chini, eneo ambalo mwaka uliofuata likawa Jimbo la Rutabo. TANU ilikuwa bado haijazaliwa. Mapadre wazungu waliokuwa jimboni mwake sasa walipaswa kumtii Mwafrika, jambo ambalo mwaka ule halikuonekana katika ofisi ya mkuu wa wilaya yeyote.

Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, akiwa na miaka 47. Siku hiyohiyo Japani na Ufilipino nazo zilipata makardinali wao wa kwanza. Watahiniwa wengi huchanganya mambo mawili hapa. Askofu Mwafrika wa kwanza Afrika Mashariki ni Joseph Kiwanuka wa Masaka, mwaka 1939, naye pia alisoma Katigondo. Rugambwa ni Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati hizi. Mwaka huohuo makao ya jimbo yalihamia Bukoba.

Alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), uliofungua mlango wa Misa kuadhimishwa kwa lugha za watu, Kiswahili kikiwamo. Kile Kilatini alichokisomea miaka mingi kikaanza kusikika mara chache parokiani. Alishiriki pia kuchagua mapapa mwaka 1963 na mara mbili mwaka 1978.

Desemba 1968 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Muda mfupi baadaye, kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilitaifisha shule za madhehebu. Seminari hazikuguswa, na ndiyo sababu Rubya iliendelea kuwa mikononi mwa Kanisa.

Rugambwa alistaafu mwaka 1992 na nafasi yake ikachukuliwa na Polycarp Pengo. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997, akazikwa kwa muda Kashozi, ilikoanzia misheni ya mwaka 1892. Mwaka 2012, miaka 100 tangu azaliwe, mabaki yake yalihamishiwa katika Kanisa Kuu la Bukoba.